Mashine ya Upepo Kuukuu: Mwaga Maji Kabla ya Kufunga Kazi

Leo tuziache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya chombo ambacho baadhi ya vikundi vya wakulima hununua kwa fedha za kuchangishana. Chombo chenyewe ni mashine ya upepo, au kompresa kama wanavyoiita mafundi. Hapa Ukonga si kitu kigeni. Pita kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, utaiona inanguruma nje ya kibanda cha kuziba pancha.

Kwa mkulima ina kazi nyingi. Inajaza tairi za toroli, guta na trekta dogo la kusukuma kwa mkono. Inapuliza vumbi katika rejeta ya injini na katika mashine ya kupukuchulia mahindi. Mpya ni ghali, kwa hiyo wengi wetu hununua kuukuu. Si kosa. Kosa ni kuinunua kwa kutazama rangi.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga katika bonde la Msimbazi kilinunua mashine ya namna hiyo, ya kuvutwa kwa magurudumu. Mzee mmoja wa kikundi akaniita: "Bwana Shamba, njoo uone ng'ombe wetu wa maziwa." Nikamwamkia, nikaenda. Kweli mashine ilipendeza, imepakwa rangi mpya ya bluu. Lakini nilipoinama chini ya tangi niliona rangi imevimba, na tone la maji linatoka kama jasho. Nikamwonyesha mzee. Akasema, "Hilo si neno, mwanangu. Fundi atachomelea."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Tuelezane sababu.

Hewa tunayovuta ina maji ndani yake, ingawa hatuyaoni. Hapa kwetu pwani ina maji mengi. Mashine ikiibana hewa hiyo ndani ya tangi, maji hujitenga na kutulia chini. Chukua tangi la lita 100, lijaze mpaka bar 8, yaani karibu paundi 116 kwenye geji. Siku ya unyevu, kila ukilijaza hubaki maji kama kijiko kikubwa na zaidi. Lijaze mara kumi kwa siku, utapata karibu glasi nzima. Maji hayo yasipomwagwa hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kimekuwa chembamba kama ganda la yai.

Sasa fikirini nguvu iliyomo. Mfuniko wa tangi wenye upana wa sentimita 40 ukisukumwa na upepo wa bar 8 hubeba nguvu ya tani 10. Ni sawa na lori lenye mzigo limeegemea pale. Chuma kilicholiwa na kutu kikikubali kupasuka, hakitoi pancha kama tairi ya baiskeli. Kinapasuka kama bomu, na vipande vyake huua.

Na kuchomelea hakusaidii. Palipotoboka ni pale palipotangulia tu. Chuma cha pembeni nacho kimeisha. Moto wa kuchomelea hukidhoofisha zaidi. Kwa hiyo shikeni neno hili: tangi lililotoboka kwa kutu haliungwi, hutupwa.

Basi, kabla ya kutoa fedha fanyeni hivi. Kwanza, tafuteni kibati cha tangi chenye mwaka na kiwango cha juu cha upepo. Kama hakipo, msinunue. Pili, fungueni koki ya chini. Yakitoka maji mekundu yenye magamba ya kutu, acheni. Tatu, tangi lipimwe kwa maji na fundi mwenye vifaa. Hulijaza maji pomoni, hewa yote ikatoka, kisha hulisukuma kwa pampu ya mkono kupita kiwango chake cha kazi. Kwa nini maji na si upepo? Kwa sababu maji hayabonyei. Tangi likipasuka litavuja tu, halitaruka. Msijaribu kulipima kwa upepo nyumbani. Ukaguzi wa matangi ya namna hii upo pia kisheria, chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2003.

Tangi likiwa zima, haya, tuisimamishe mashine. Iwekwe mahali tambarare, penye kivuli na hewa safi, mbali na vumbi la mashine ya unga na pumba za banda la kuku. Magurudumu yawekewe mawe. Kama inaendeshwa na injini ya petroli au dizeli, isiwashwe ndani ya chumba, maana moshi wake huua watu kimya kimya. Kama ni ya umeme, fundi umeme aifunge pamoja na waya wa ardhini.

Mwageni oili ya zamani yote, mweke oili ya kompresa mpaka alama ya kwenye kioo. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, imeingia maji, badilisheni. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe. Mkanda uwe umenyooka kati ya puli mbili, na ukiubonyeza katikati kwa kidole uingie kama sentimita moja hivi. Kazeni kinga ya mkanda, isiachwe nje eti inachelewesha kazi. Tazameni pia mshale wa mzunguko. Mota ya njia tatu ikizunguka kinyume, fundi umeme hubadilisha waya mbili.

Siku ya kwanza iendesheni kama robo saa koki ikiwa wazi, bila kujaza. Sikilizeni kama inagonga. Kisha fungeni, upepo upande polepole, mpake povu la sabuni kwenye viungo. Penye mapovu panavuja. Zimeni, toeni upepo wote, ndipo mkaze. Msikaze kiungo chenye upepo ndani.

Kuna kifaa kidogo chenye pete, kinaitwa vali ya usalama. Kazi yake ni kutoa upepo ukizidi. Wako mafundi wanaoifunga kwa waya au kuziba tundu lake kwa bolti ili "mashine ipige zaidi". Huko ni kumfunga mlinzi kamba na kuwaacha wezi ndani. Kila wiki vuteni pete kidogo tangi likiwa na upepo. Isipopuliza, mashine ipumzike mpaka iwekwe nyingine ya kiwango kile kile. Na watoto wasichezee mpira wa upepo. Upepo huo hupenya ngozi na kutoboa jicho, hata kujipuliza vumbi nguoni ni mwiko.

Tukirudi kwa wale wenzetu wa bondeni, hawakufurahi kunisikia. Fedha zilikuwa za mchicha wa msimu mzima, na wengine walinung'unika kwamba Bwana Shamba ameleta nuksi. Lakini mzee alichukua tochi, akachungulia kwenye tundu la tangi, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hili litobolewe matundu, liuzwe chuma chakavu, asije mwingine akalinunua." Kichwa cha mashine na mota vilikuwa vizima. Walichanga tena miezi miwili, wakapata tangi lililopimwa, wakavifunga juu yake. Siku hizi kila jioni kijana wa zamu hafungi kibanda kabla ya kufungua koki ya chini.

Kwa kifupi, wakulima: nunueni tangi lililopimwa, mwageni maji kila jioni, tazameni oili kila asubuhi, jaribuni vali ya usalama kila wiki, na tangi lililotoboka mlitupe. Kumwaga maji ni kazi ya dakika moja, wala haigharimu hata senti.