Tufaha la Dukani na Mtofaa wa Uani

Wakaazi wengi wa mitaa ya pembezoni mwa mji wa Zanzibar hupenda kuwa na mti wa matunda uani. Baadhi yao hutia ardhini mbegu za tufaha lililonunuliwa dukani, wakitaraji kuvuna tunda mfano wa lile. Inafaa ieleweke kwamba matarajio hayo hayatimii, kwa sababu mbili.

Kwanza, mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Kila mwaka hupukutisha majani na kupumzika, na macho yake hayachipui wala kutoa maua sawasawa mpaka yapate baridi ya kutosha. Aina nyingi mashuhuri huhitaji baina ya saa 500 na 1,000 za baridi isiyozidi digrii 7 za Selsiasi. Huku Unguja, hata usiku wa kipupwe mwezi wa Julai, kipimo kwa kawaida hakishuki chini ya digrii 20. Ndiyo maana Tanzania Bara matufaha hulimwa kwenye milima yenye baridi, kama vile Lushoto na Njombe, wala si katika mwambao.

Pili, mbegu ya tufaha haitoi mti ulio sawa na mama yake. Wakulima wa matunda hayo hawategemei mbegu, bali huunga kijiti cha mti unaojulikana juu ya shina la mti mwingine.

Hasara iliyopo si ya mbegu, bali ni ya nafasi na muda. Ua mdogo aghlabu hautoshi zaidi ya mti mmoja mkubwa, na aliyekosea hutambua kosa lake baada ya miaka mingi ya kungojea.

Mti unaostahiki nafasi hiyo ni mtofaa, ambao ni jamaa wa mkarafuu na mzambarau, na asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Tunda lake huwa jekundu, lenye nyama nyeupe, maji mengi na harufu ya waridi.

Kokwa ya tofaa ipandwe ikingali mbichi, kwani ikikauka haioti. Mche uhamishiwe shimoni mwanzoni mwa masika, pamoja na samadi iliyooza, na unyweshwe maji wakati wa kiangazi. Kwa kuwa mti huu hufikia urefu wa mita 12 au zaidi, usipandwe karibu na ukuta wa nyumba, kisima au shimo la choo. Aghlabu huanza kuzaa baada ya miaka 5 hadi 8, na matunda huiva takriban miezi miwili baada ya maua. Matofaa yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa, kwani nzi wa matunda huzaliana humo.

Kabla ya kuchimba shimo, wananchi wanashauriwa kumuona Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lao.