Baadhi, Wengine na Wote: Majaribio juu ya Maana Isiyotamkwa

Wahenga walisema, "Akufukuzaye hakwambii toka." Methali hii ni fupi, lakini imebeba jambo ambalo wataalamu wa lugha wamelishughulikia kwa bidii kwa zaidi ya miaka hamsini, nalo ni kwamba mtu huweza kuelewa kwa yakini neno ambalo hakuambiwa. Mgeni akimwona mwenyeji wake anakunja majamvi huku akitaja urefu wa njia na giza linaloingia, huaga mwenyewe. Neno "toka" halikutamkwa, na maana yake imefika. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi maana ya namna hii ilivyochunguzwa kwa majaribio, na kuonyesha kwa nini majaribio hayo hayawezi kuingizwa katika Kiswahili kwa kutafsiriwa tu.

Msingi wa uchunguzi huu uliwekwa na mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice katika mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1967. Sehemu yake iliyo mashuhuri ilichapishwa mwaka 1975. Hoja yake ni kwamba wazungumzao hushirikiana, na kila mmoja humtazamia mwenziwe aseme kiasi kinachohitajiwa na shauri lililopo, asipunguze wala asizidishe. Basi mtu akisema, "Baadhi ya wageni wamekula," msikilizaji hufikiri hivi: kama wangalikuwa wamekula wote, angalisema wote, hakusema hivyo, kwa hiyo wako ambao hawajala. Maana hii ya "si wote" haimo katika neno lenyewe. Ushahidi ni kwamba msemaji aweza kuifuta bila ya kujipinga: "Baadhi ya wageni wamekula, au tuseme wote wamekula." Lakini hawezi kusema, "Wageni wote wamekula, na mmoja hakula," asionekane amejipinga.

Kwa muda mrefu hoja hii ilibaki kuwa ya kufikiriwa tu. Majaribio yalipoanza kufanywa kwa wingi, matokeo yake yaliwashangaza wengi. Mwaka 2001 Ira Noveck alitangaza uchunguzi uliofanywa kwa Kifaransa. Watu waliambiwa sentensi kama hii: "Baadhi ya twiga wana shingo ndefu," wakaulizwa kama wanaikubali. Ukiitazama kwa mantiki tupu, sentensi hiyo ni kweli, kwa kuwa twiga wote wana shingo ndefu na baadhi yao wamo katika wote. Watoto wa miaka 8 waliikubali sentensi ya namna hiyo mara 89 katika 100, na wa miaka 10 mara 85. Watu wazima waliikubali mara 41 tu. Yaani watoto ndio walioshika mantiki kuliko wazee wao.

Mwaka 2003 Anna Papafragou na Julien Musolino waliwachunguza watoto wa Kigiriki wa miaka 5. Watoto walionyeshwa kisa ambamo farasi wote waliruka uzio, kisha mwanasesere akasema kwamba baadhi ya farasi wameruka. Watu wazima walimkosoa. Watoto wengi walimkubali. Lakini mwanasesere alipotaja hesabu, akasema "wawili" mahali pa "watatu", watoto waliomkosoa waliongezeka sana. Hali kadhalika, watoto walipofundishwa kwanza kutambua usemi usiofaa, waliikataa "baadhi" zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo akili ya kupima maneno wanayo. Shida ni kujua kwamba ndiyo inayotakiwa.

Hata kwa mtu mzima maana isiyotamkwa ina gharama yake. Lewis Bott na Ira Noveck walionyesha mwaka 2004 kwamba watu walioagizwa kuielewa "baadhi" kwa maana ya "baadhi, si wote" walichukua muda mrefu zaidi kujibu, na walikosea zaidi, kuliko walioagizwa kuielewa kwa maana ya "baadhi, na huenda wote".

Nayo sura ya sentensi ina mambo yake. Kwa Kiingereza yako maneno ambayo, yakifuatwa kwa mpango wake, ni sawa na kusema, "Kila farasi hakuruka uzio." Mwingereza mzima huweza kuyaelewa kwa njia mbili: kwamba hakuruka hata mmoja, au kwamba hawakuruka wote. Musolino aligundua, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1998, kwamba watoto hushika maana ya kwanza, inayofuata mpangilio wa maneno, na huikataa sentensi hiyo iwapo farasi wawili kati ya watatu wameruka. Lakini mwaka 2006 yeye na Jeffrey Lidz walionyesha kwamba sentensi hiyo ikitanguliwa na usemi kuwa kila farasi ameruka gogo, watoto huweza kuifikia maana ya pili. Basi palipodhaniwa pana upungufu wa sarufi, palikuwa na upungufu wa mazungumzo ya kuitangulia sentensi.

Sasa natuje katika Kiswahili. Mchunguzi akitafsiri neno kwa neno, atapata "Farasi wote hawakuruka uzio." Katika sikio langu, na nadhani katika masikio ya wasemaji wengi, maana iliyo karibu ni kwamba hakuruka hata mmoja. Anayetaka maana ya pili ana njia yake ya wazi: "Si farasi wote walioruka uzio." Kiswahili kinatoa ukanusho katika kitenzi na kuuweka mbele ya "wote", kisha kitenzi kinapokea kirejeshi. Maana mbili alizoziweka Mwingereza katika chombo kimoja, sisi tumezipa vyombo viwili. Mtu mzima wa Tanga au Lamu akimkosoa mwanasesere hapo, hatuwezi kusema kwamba amejibu kitoto. Amejibu kama lugha yake inavyomwagiza.

Shida hiyo imo pia katika "baadhi". Neno hili lina asili ya Kiarabu, na hukaa vyema zaidi katika maandishi na hotuba kuliko katika maongezi ya jikoni. Mtoto huzoea zaidi kusikia "wengine". Lakini "Twiga wengine wana shingo ndefu" yaweza kuwa na maana ya "baadhi ya twiga", au ya "twiga walio mbali na hawa". Neno lenyewe limekwisha kuligawa kundi mafungu mawili, na mtoto ana haki ya kuuliza, "Wengine mbali na nani?" Akiikataa sentensi hiyo, hatujui kama amepima alichokiacha msemaji au amefuata maana ya neno tu.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Jibu la "ndiyo" au "siyo" hutumiwa kumpima mtoto darasani, na huenda akahesabiwa mzito wa kuelewa kwa sababu ya swali lisilotungwa vyema. Napoleon Katsos na Dorothy Bishop walitoa somo kubwa mwaka 2011. Watoto wa miaka 5 na 6 walipotakiwa kusema kama usemi ni sawa au si sawa, wengi walikubali usemi uliopungua. Lakini walipopewa matunda ya ukubwa wa namna tatu ili wamtuze msemaji, walimpa aliyesema kweli yenye upungufu tunda la kati: si dogo la mwongo, wala si kubwa kabisa la aliyesema sawasawa. Kumbe upungufu waliuona tangu hapo. Walikosa mahali pa kuuweka tu.

Kwa hiyo atakayefanya majaribio haya kwa Kiswahili, na aanze kwa kuwauliza watu wazima wa mahali hapo wanavyoisikia kila sentensi. Alinganishe "baadhi" na "wengine". Atenganishe "wote hawaku-" na "si wote walio-". Aitangulize kila sentensi kwa kisa kinachoifaa. Na ampe mtoto ngazi tatu za kujibu. Asipofanya hivyo, atakuwa amepima tafsiri yake mwenyewe, na kosa lake akamwandikia mtoto.