Perege wa Mbeya hudumaa kwa sababu ya wazazi tunaowabakiza

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MFUGAJI anayevua bwawa lake Ilomba na kukuta perege wasiozidi upana wa kiganja, kwanza hulaumu pumba. Kisha hulaumu baridi. Vyote viwili vinastahili lawama, lakini yuko mkosaji wa tatu asiyetajwa, naye ni mwenye bwawa mwenyewe, kwa jinsi anavyochagua samaki wa kuuza na wa kubakiza.

Siku ya kuvua, wakubwa hutengwa wapelekwe sokoni Mwanjelwa, na wadogo hurudishwa majini ili wakue. Tatizo ni kwamba perege hasubiri kuwa mkubwa ndipo azae. Jike aweza kuanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, uzito wake haujafika hata gramu 100. Hutamia mayai mdomoni, na maji yakiwa na joto la kutosha hurudia kila baada ya wiki kadhaa. Hivyo wale wadogo waliorudishwa ndio wanaokuwa wazazi wa msimu unaofuata. Fanya hivyo miaka mitano mfululizo, utakuwa umejichagulia mbegu ya samaki wadogo wanaowahi kuzaa, tena kwa pumba uliyoinunua mwenyewe.

Kwa maharage hakuna mkulima wa hapa anayekubali jambo hilo. Hauzi punje zote nzuri akapanda zilizokunjamana. Pale Uyole, si mbali na Ilomba, watafiti walichagua na kuchanganya mbegu kwa miaka mingi mpaka zikapatikana aina kama Uyole 84, Uyole 96 na Njano Uyole. Samaki naye anachagulika vivyo hivyo.

Ushahidi upo. Mwaka 1988 watafiti nchini Ufilipino walianza mradi uliojulikana kwa jina la GIFT. Walikusanya sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na wale waliokuwa wakifugwa Asia, kisha kila kizazi wakabakiza wazazi waliokua haraka. Kila kizazi kilikua zaidi ya kilichotangulia kwa wastani wa asilimia 10 hadi 15. Samaki wa Afrika wakapelekwa kuboreshwa Asia, na sisi tulio karibu na chimbuko lao bado tunahangaika na samaki wa kiganja!

Hata chaza, yule kiumbe wa baharini anayeishi ndani ya gamba, amechaguliwa. Mwaka 1957 ugonjwa uitwao MSX ulizuka katika ghuba ya Delaware, Marekani, ukaua chaza wengi mno. Profesa Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliwachukua waliosalia, akawazalisha, na baada ya vizazi kadhaa akapata chaza waliostahimili ugonjwa huo vizuri zaidi. Ila kuanzia mwaka 1990 ugonjwa mwingine, Dermo, ulipoenea katika ghuba hiyo, kinga ile ya MSX haikuwasaidia. Unapata kile ulichokichagua, si zaidi ya hapo.

Kwa Mbeya maana yake ni baridi. Jiji liko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Perege hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 20 huzubaa na kuacha kuzaa, na yakishuka zaidi hata chakula hukiacha. Kifaranga aliyetoka kwa wazazi waliochaguliwa kwenye joto la pwani anaweza kuwa mzuri, lakini hajapimwa na Juni na Julai ya hapa. Mzazi wa kutafutwa ni yule aliyepita kipupwe bwawani kwako na bado akawaacha wenzake.

Kumtambua kunataka uangalifu. Weka vifaranga wa umri mmoja kwenye bwawa lao peke yao, la sivyo utamsifu samaki kwa ukubwa kumbe ametangulia kuzaliwa. Siku ya kuchagua, tenganisha kwanza madume na majike. Dume la perege hukua haraka kuliko jike, kwa hiyo ukichukua wakubwa bila kuangalia jinsia utajikuta na madume karibu matupu. Chukua madume makubwa kati ya madume, na majike makubwa kati ya majike, uwaweke katika bwawa la wazazi. Wengine wote wauze, hata wadogo.

Usibakize jozi mbili tatu. Wakizaana ndugu kwa ndugu, vizazi vinavyofuata hudhoofika na faida yote hupotea. Madume 20 na majike 40 ni kiasi cha kuanzia. Kwa mwenye bwawa moja dogo hilo ni gumu, na hapa ndipo kikundi cha majirani kinapofaa: mmoja anatunza wazazi, wengine wanakuza.

Anayenunua mbegu mpya aulize wazazi ni aina gani na walitoka wapi, iwe ananunua kituo cha Serikali cha Ruhila, Songea, kile cha Kingolwira, Morogoro, au kwa mtu binafsi. Aulize pia kama vifaranga wamegeuzwa kuwa madume kwa homoni. Hao ni wazuri kwa kitoweo, lakini si wa kuzalishia.

Mwisho kuna suala la maji. Mito ya Mbeya huenda Rukwa, Usangu na Nyasa, na Rukwa na Nyasa kila moja ina perege wa asili yake. Sato akitoroka huzaana nao na kuwaharibu. Bomba la kutolea maji bwawani lifungwe wavu wenye matundu madogo, na likaguliwe kila mvua kubwa inaponyesha.