Kubadili mipangilio ya kompyuta kubwa bila kuizima

MTU anayechukua fedha katika mashine ya benki usiku wa manane huenda akahudumiwa na kompyuta kubwa ya aina ya meinifremu. Mitambo hiyo, ambayo chimbuko lake ni System/360 iliyotangazwa na kampuni ya IBM ya Marekani Aprili 7, 1964, hutarajiwa kufanya kazi kwa miezi mingi bila kuzimwa. Je, mafundi huibadili vipi mipangilio yake huku wateja wakiendelea kuhudumiwa?

Katika mfumo endeshi wa z/OS, mipangilio mikuu huhifadhiwa katika maktaba ya mafaili iitwayo SYS1.PARMLIB. Humo mna maelekezo yaliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida: programu zipi zipewe mamlaka ya juu, maktaba zipi zitafutwe kwanza, kumbukumbu kiasi gani itengwe. Fundi mwenye kibali huweza kuyafungua na kuyahariri wakati wowote.

Hata hivyo, kuhariri faili si kubadili mtambo. Kompyuta husoma mafaili hayo inapowashwa, kisha hufuata kile ilichokwisha kukiweka katika kumbukumbu. Faili likibadilishwa baadaye, mtambo huendelea na maelekezo ya zamani mpaka uwashwe upya au, kwa baadhi ya mipangilio, mpaka itolewe amri ya SET inayouelekeza usome faili husika. Ipo pia amri ya SETPROG, ambayo hubadili kumbukumbu papo hapo pasipo kuligusa faili.

Hapo ndipo penye hatari mbili. Ya kwanza ni kusahau. Fundi hutoa amri, tatizo likaisha, naye asiliandike badiliko hilo katika faili. Mtambo ukiwashwa upya miezi kadhaa baadaye, tatizo hurejea, na pengine aliyelijua amekwisha kuhama kazi.

Ya pili ni kosa linalojificha. Alama ya mkato ikikosekana mwishoni mwa mstari katika faili la IEASYS00, mtambo huhesabu kuwa orodha imekwisha na huiacha mistari iliyobaki. Siku ya kuhariri hakuna anayeona lolote. Athari hujitokeza siku ya kuwasha.

Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu haligusi faili linalofanya kazi. Huandika jipya lenye tarakimu nyingine mwishoni, mathalani IEASYS01, na kulijaribu kwanza katika mfumo wa majaribio. Likishindwa, mwendeshaji huurudisha mtambo kwenye lile la awali.

Umuhimu wa kupima hata njia ya kurudi nyuma ulidhihirika nchini Uingereza Juni 2012, ingawa huko kilichobadilishwa kilikuwa programu, si faili la mipangilio. Kundi la benki la RBS liliboresha programu ya kupanga kazi za kompyuta zake. Matatizo yalipojitokeza, toleo jipya liliondolewa bila kupima kwanza matokeo ya kuliondoa. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliathirika, baadhi wakashindwa kulipa madeni yao kwa wakati. Novemba 2014 wasimamizi wa benki waliitoza RBS faini ya jumla ya pauni milioni 56.