Mahakama Haisahihishi Mtihani

Walifika ofisini saa tatu asubuhi, baba na mwana, na bahasha moja ya kaki. Kijana aliniamkia, "Shikamoo wakili," kisha akanyamaza karibu nusu saa. Baba ndiye aliyesema. Mwanawe alikuwa mwaka wa nne wa udaktari, na sasa amedisko, yaani ameondolewa chuoni. Barua ilikuwa na wiki saba. Yeye mzazi aliiona juzi tu, kwa sababu siku zote hizo kijana alikuwa akiaga nyumbani asubuhi, koti jeupe limekunjwa ndani ya begi, akaenda kukaa maktaba mpaka jioni.

"Ni alama tatu tu, wakili," mzee akasema huku akininyooshea vidole vitatu. "Kapata arobaini na saba. Mahakama haiwezi kumwongezea tatu?"

"Haiwezi, mzee wangu."

Jibu hilo huwaumiza wengi, nami silipendi, lakini ni afadhali mtu alisikie mapema kabla hajauza shamba kulipa mawakili. Hakimu hajui anatomia. Hana namna ya kusema kwamba arobaini na saba ilistahili kuwa hamsini, wala hataki kuipata namna hiyo. Anachoweza kuuliza ni kitu kingine: uamuzi ulifikiwaje? Nani alikaa, kwa kanuni ipi, mwanafunzi aliambiwa nini na lini, na alipewa nafasi ya kujieleza au hakupewa?

Kesi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote ninazozijua ilitoka Marekani, na ilihusu shule ya udaktari hasa. Charlotte Horowitz alijiunga na Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, mwaka 1971. Kwenye vitabu alikuwa hodari. Wodini mambo yalikuwa mengine: walimu walilalamikia kazi yake kwa wagonjwa, mahudhurio yake, namna alivyoelewana na wenzake, hata usafi wake wa mwili. Alionywa, akawekwa kwenye uangalizi, akaonywa tena. Mwishowe chuo kikampa jambo ambalo wanafunzi wengi hawalipati: madaktari 7 wanaofanya kazi hospitalini wampime upya, kila mmoja kwa wakati wake. Wawili wakasema ahitimu. Wawili wakasema aondolewe mara moja. Watatu wakasema asihitimu kwa wakati, abaki kwenye uangalizi. Chuo kikamwondoa.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 akashindwa. Majaji walitenganisha mambo mawili ambayo hapa kwetu bado yanachanganywa kila siku. Miaka mitatu kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema kwamba mwanafunzi wa sekondari hawezi kusimamishwa kwa utovu wa nidhamu, hata kwa siku 10 tu, bila kuelezwa kosa lake na kusikilizwa. Horowitz aliposema naye anastahili kikao cha kujitetea, aliambiwa kwamba yake si nidhamu. Kupima kama mtu anafaa kushika mgonjwa ni kazi ya wataalamu, na haifanani na kusikiliza mashahidi wa ugomvi wa bwenini. Ilitosha kwamba alionywa waziwazi, akaelewa hatari iliyo mbele yake, na uamuzi ukafanywa kwa makini.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1985, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Scott Ewing, alijaribu mlango mwingine. Alikuwa amefeli mtihani wa kitaifa kwa alama 235, wakati alama ya kufaulu ilikuwa 345. Hoja yake ilikuwa nzito: wenzake waliofeli mtihani huohuo waliruhusiwa kuurudia, kwa nini yeye asiruhusiwe? Majaji wote wakakataa. Wakasema hawataingilia uamuzi wa kitaaluma mpaka iwe dhahiri kwamba walimu waliacha kabisa kutumia akili ya taaluma yao. Mimi binafsi hoja ya Ewing bado inanigusa. Ila ndivyo ilivyoamuliwa, na ingawa kesi hizo hazizifungi mahakama zetu, majaji wa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza hufikiri kwa mkondo huohuo.

Sasa tazama kesi ya Horowitz kwa jicho la mwanafunzi. Kilichomwangusha ni yale maonyo. Basi mwanafunzi ambaye hakuonywa ana la kusema. Na kwenye udaktari jambo hili ni kubwa, kwa sababu alama za wodi hutoka kichwani mwa mtu. Karatasi ya mtihani unaweza kuisahihisha mara ya pili. Raundi ya Jumanne asubuhi, pale daktari bingwa aliposimama kwenye kitanda cha tatu akakuuliza historia ya mgonjwa ukababaika, haisahihishwi tena. Kama kanuni za chuo zinataka mwanafunzi anayeyumba aelezwe kwa maandishi katikati ya rotesheni, na wewe ukaelezwa siku matokeo yanabandikwa, hapo kuna kasoro ambayo hata jaji asiyejua anatomia anaiona. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi: mwalimu akikwambia mdomoni kwamba kazi yako hairidhishi, mwandikie jioni hiyohiyo baruapepe fupi ya heshima, umshukuru na kurudia alichokwambia. Akijibu, una ushahidi. Asipojibu, bado unao.

Kwenye nidhamu hali ni tofauti kabisa. Ukituhumiwa kuibia mtihani, kughushi saini kwenye logibuku au kumtukana muuguzi, haki ya kusikilizwa ni ya zamani mno. Mwaka 1723 mahakama moja ya Uingereza ilikitaka Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie Dakta Richard Bentley shahada zake, kwa sababu kilimvua bila kumsikiliza. Jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu, aliyejua kila kitu, alimwita Adamu na kumuuliza kabla ya kumtoa bustanini. Kwetu Tanzania msingi huo umo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, pamoja na haki ya kukata rufaa. Kenya wameupeleka mbali zaidi. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na sheria iliyoifuata mwaka 2015 zinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na zikikosekana, mahakama inaweza kuchukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu ya maana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Natamani tungekuwa na kifungu kama hicho.

Wakati mwingine chuo huchanganya mambo hayo mawili, masomo na nidhamu. Barua inasema umeshindwa masomo, lakini ukiisoma taratibu unakuta kosa lenyewe ni "mwenendo". Barua ya namna hiyo niletee upesi.

Upesi, kwa sababu adui mkubwa wa mwanafunzi hapa ni kalenda. Kila chuo kina kanuni zake za mitihani, na ndani yake muda wa rufaa huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Mahakama nayo itakuuliza kwanza kama ulimaliza ngazi za ndani: bodi, seneti, kamati ya rufaa. Ukizipita bila kuzitumia, utarudishwa. Ukizimaliza, kwa Tanzania unaomba kibali Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na kikitolewa una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Kenya nako, anayetaka uamuzi ufutwe kwa njia hii ana miezi 6 hiyohiyo.

Na ukishinda? Hapa mawakili wengine hunyamaza, mimi sinyamazi. Mara nyingi mahakama hufuta uamuzi na kuurudisha chuoni ufanywe upya kwa utaratibu unaofaa. Chuo kinaweza kukusikiliza vizuri safari hii, kisha kikakuondoa tena. Wakati huo wenzako wameshamaliza hata mwaka wa mafunzo kazini. Kwa hiyo kazi bora ya wakili kwenye jambo hili haiko mahakamani. Iko kwenye rufaa ya kurasa tatu inayopelekwa seneti. Kamati nyingi za vyuo hazimruhusu wakili azungumze ndani ya kikao, lakini hakuna anayeweza kumzuia kukaa nawe usiku uliotangulia mkaiandika pamoja.

Rufaa nzuri haina machozi mengi. Inataja kifungu cha kanuni, toleo linalomhusu mwanafunzi wa mwaka wako, si lile jipya lililowekwa mtandaoni juzi. Inaeleza kilichotakiwa kufanyika na kilichofanyika. Kama uliugua au ulifiwa, inaambatisha cheti cha hospitali cha tarehe zilezile. Cheti kilichotafutwa baada ya matokeo hunuka kutoka mlangoni. Kisha inaomba kitu kimoja kinachowezekana: kurudia rotesheni, kurudia mwaka, karatasi isahihishwe na mtu mwingine. Nimewahi kusoma rufaa iliyowaita maprofesa wachawi. Sikuweza kuisaidia.

Asiye na fedha asikate tamaa. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na Kenya ina yake ya 2016. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikisaidia wasio na uwezo tangu miaka ya 1990, na Zanzibar kipo Kituo cha Huduma za Sheria. Uliza kwanza bila aibu.

Tukarudi kwenye bahasha ya kaki. Niliisoma barua mpaka chini. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, ulisema rufaa ipokelewe ndani ya siku 14. Nilimuuliza kijana kama aliuona. Akatikisa kichwa, alisoma aya ya kwanza tu, akaikunja. Nilipomuuliza kama kuna mtu aliyemwonya kwa maandishi wakati wa rotesheni, ndipo akainua uso kwa mara ya kwanza. Hakuna.

Tumeandika rufaa, na juu yake ombi la kuongezewa muda. Itasikilizwa kikao kijacho cha seneti, ikiwa ombi litakubaliwa. Wewe uliyepokea barua yako wiki hii, isome mpaka mstari wa mwisho, na mzazi wako aione leo.