Kampeni ya Damu Ianzie Kwenye Bakuli la Mtoto

Zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa Tanzania wana upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliwakuta na hali hiyo watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Mtoto asiye na damu ya kutosha huchoka upesi, huugua mara kwa mara, na ubongo wake hudhoofika katika miaka ambayo ungepaswa kukua kwa kasi. Halmashauri inapotenga fedha za kampeni ya lishe, jambo la kwanza la kuamua ni mtoto yupi anayelengwa na familia yake iombwe kubadili nini.

Walengwa wa kwanza wawe watoto wa miezi 6 hadi 23. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini chuma, nayo huanza kwisha anapofikisha miezi sita. Aendelee kunyonya, lakini maziwa ya mama peke yake hayawezi kuziba pengo hilo. Hapo ndipo wengi wanapoanzishiwa uji mwepesi wa mahindi. Nafaka zina fitati, kemikali zinazoyashika madini chuma na kuyazuia yasifyonzwe. Ndiyo maana unga wa lishe uliochanganywa nafaka nyingi hautoi kinachotarajiwa: nafaka tano bado ni nafaka.

Ujumbe uwe mchache na uwezekane jikoni. Kanda ya Ziwa, kwa mfano, dagaa wanatosha kubeba kampeni nzima. Mama achambue dagaa na kuondoa mchanga, awaoshe, awakaange bila mafuta hadi wakauke, awatwange na kuchekecha unga wake. Kijiko kimoja kiingie kwenye uji au mboga ya mtoto kila siku. Madini chuma ya samaki, nyama na maini hufyonzwa kwa urahisi kuliko ya mchicha au maharage. Penye mboga na mikunde tu, mtoto apewe embe, pera au chungwa kwenye mlo huohuo, kwa sababu vitamini C husaidia ufyonzwaji. Chai asipewe, maana huuzuia. Wazazi wanaonunua juisi ya rozela au bitiruti ili kuongeza damu waelezwe kwa upole kwamba wekundu wa juisi si kipimo cha madini chuma. Fedha hiyo inunue dagaa.

Mama si msikilizaji pekee. Mara nyingi baba ndiye mwenye hela ya mboga, na bibi ndiye anayeshinda na mtoto. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawakusanye wote kwenye maonyesho ya mapishi, wapike kwa sufuria na bei za kijijini hapo.

Chakula pekee hakitoshi. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na selimundu huhitaji matibabu yake. Pemba ilitupa somo zito: jaribio kubwa lililochapishwa 2006 lilionyesha kwamba kuwapa watoto wote madini chuma na asidi ya foliki, katika eneo lenye malaria nyingi, kuliongeza hatari ya kufa au kulazwa hospitalini. Kwa hiyo vidonge na virutubishi vya madini chuma viende pamoja na vyandarua, upimaji na tiba ya malaria ya haraka. Dawa za minyoo nazo zipangwe kwenye Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto.

Mwisho, kampeni ipimwe. Kabla ya kuanza, wasimamizi waulize kila kaya mtoto alikula nini jana, kisha wapime damu. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya gramu 10.5 za himoglobini kwa desilita kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, na chini ya gramu 11 kwa wa miezi 24 hadi 59. Wapime tena mwaka unaofuata, msimu uleule, kwani mvua hubadili malaria na chakula pia. Idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa haitatuambia kama watoto wamepata damu. Madiwani wanaopitisha bajeti wadai takwimu za damu na za mlo, na waendelee kutoa fedha pale zinapoonyesha watoto wanapona.