Jirani Mwenye Simu na Dawa Hufika Kwanza

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu: kijana wa nyumbani anayetumia unga, na siku anapozidisha kiasi.

Kwanza tuelewe mwili unafanywa nini. Heroini, morfini na tramadoli ni dawa za jamii moja, jamii ya afyuni. Zikizidi mwilini, huilaza ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Mtu hupumua polepole, kisha huacha. Ndani ya dakika chache ubongo huanza kuharibika kwa kukosa oksijeni.

Iko dawa ya kumrudisha, nayo ni naloksoni. Hupulizwa puani au hudungwa kwenye msuli wa paja, na mara nyingi mtu huanza kupumua baada ya dakika 2 au 3. Hailevyi, na haimdhuru mtu asiyetumia unga. Lakini haina faida ikiwa imefungiwa kabatini mbali na aliyeanguka.

Katika mji wa Philadelphia, Marekani, kuna mtaa uitwao Kensington ulioumizwa sana na unga. Kuanzia Machi 2019, kwa muda wa mwaka mmoja, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel na wenzao walijaribu huko programu ya simu iitwayo UnityPhilly. Watu 112 wa kawaida walipewa naloksoni na kufundishwa kuitumia. Karibu nusu yao walikuwa wenyewe wanatumia dawa za kulevya.

Mmoja wao akiona mtu ameanguka, alibonyeza simu yake. Simu za wenzake walio karibu zililia na kuwaonyesha mahali, na papo hapo ambulensi ikapigiwa. Kengele 291 zilitolewa. Kati ya hizo, 89 hazikuwa za kweli. Lakini mara 74 wananchi hao walitoa dawa wenyewe, na mara 71 mtu alizinduka. Katika zaidi ya nusu ya visa hivyo 74, dawa ilitolewa zaidi ya dakika 5 kabla ya ambulensi kufika.

Mama, wewe huenda huna programu kama hiyo. Lakini simu unayo, na majirani unao. Fanya haya mapema:

1. Uliza katika kituo cha afya au kliniki ya methadoni iliyo karibu nawe kama naloksoni inapatikana, na nani anaweza kukufundisha kuitumia.

2. Andika simuni nambari za majirani watatu, za mwenye gari au bodaboda, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Waeleze majirani mapema kwa nini utawapigia.

3. Usiwafukuze marafiki wa mwanao kwa matusi. Akianguka, huenda wao ndio watakaokuwa naye. Wakikuogopa, watakimbia wamwache peke yake.

Ukimkuta amelala haamki, anakoroma isivyo kawaida, midomo imekuwa ya buluu au kijivu, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usingoje. Mwite kwa sauti na umsugue kifuani kwa nguvu. Asipoitika, piga simu na paza sauti watu waje. Mpe naloksoni kama ipo. Kama hapumui vizuri, inamisha kichwa chake nyuma, ziba pua, na umpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi.

Usimmwagie maji baridi, usimnyweshe maziwa, wala usimdunge maji ya chumvi. Hayo hayamsaidii, na yanapoteza dakika.

Hata akizinduka, mpeleke hospitali. Nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na unga ukiwa bado mwilini anaweza kuacha kupumua tena. Akiamka na arosto na hasira, mvumilie na usimruhusu atumie tena.

Angalia zaidi kijana aliyetoka jela au kituo cha kurekebisha tabia. Mwili wake umesahau unga. Kiasi alichokizoea zamani kinaweza kumuua leo.

Ukitaka ushauri, piga 1192, nambari ya bure ya NACADA.

Kumbuka: aibu hufunga mlango, na mlango uliofungwa huzuia msaada. Zungumza na jirani yako leo, kabla simu haijalia.